Sura ya Sita: Nabii na Mikono Iliyoinuliwa

Katika mkutano wa sakramenti wa Watakatifu wa Siku za Mwisho mjini Bujumbura, kabla mkate na maji havijapitishwa, kuna shughuli ambayo mara nyingi haimalizi hata dakika moja. Anayeongoza mkutano husoma jina la mtu aliyeitwa kuhudumu, pengine karani mpya au mwalimu wa watoto. Huwaomba wanaomkubali waonyeshe kwa kuinua mkono wa kulia, na mikono hupanda. Kisha huuliza kama yupo anayepinga, naye aonyeshe kwa ishara hiyo hiyo. Kwa kawaida hakuna anayejitokeza, na ibada huendelea. Katika mji ambao Wakatoliki wengi hupokea paroko aliyetumwa na askofu bila kuulizwa chochote, na ambao kanisa jipya la kilokole huweza kuwa mali ya mchungaji aliyelianzisha, desturi hii ni ngeni pande zote mbili. Kiongozi hajichagui, wala waumini hawamchagui, lakini hawezi kuanza kazi kabla hawajaulizwa. Sura hii inahusu swali hilo wanaloulizwa: lina uzito gani katika kanisa linaloamini kwamba mkuu wake ni nabii anayepokea neno la Mungu?

Tuanze kwa kusema wazi kwamba huu si uchaguzi. Hakuna wagombea wawili, hakuna kampeni, hakuna fomu ya kupendekeza jina. Rais wa tawi huitwa na viongozi walio juu yake, na hao nao huitwa na walio juu yao, mpaka kwenye Mitume Kumi na Wawili na Urais wa Kwanza, yaani rais wa kanisa na washauri wake, huko Salt Lake City. Kileleni kabisa utaratibu ni mkavu zaidi: rais akifariki, mtume aliyetumikia muda mrefu kuliko wenzake ndiye anayemrithi. Russell M. Nelson alipofariki tarehe 27 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 101, kila aliyelifahamu kanisa hilo alijua kwamba anayefuata ni Dallin H. Oaks, na tarehe 14 Oktoba ikawa hivyo. Nabii akishakaa kitini, neno lake hutembea haraka. Nelson alipotangaza Agosti 2018 kwamba waumini waache kujiita Wamormoni na watumie jina kamili la kanisa, kanisa ambalo miaka michache nyuma lilikuwa limetumia fedha nyingi kulitangaza jina hilo la Mormoni liligeuka mara moja, kuanzia tovuti mpaka kwaya yake mashuhuri. Hakuna aliyeombwa ainue mkono.

Hata hivyo mkono ule haukuingia kanisani kwa bahati mbaya. Joseph Smith alipolianzisha kanisa tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, aliwauliza kwanza waliokusanyika kama wanamkubali yeye na Oliver Cowdery kuwa walimu wao, nao wakakubali. Julai mwaka huo huo ukatolewa ufunuo, ambao leo ni sehemu ya 26 ya kitabu cha maandiko cha Mafundisho na Maagano, unaoagiza mambo yote yafanywe kwa ridhaa ya wote. Miezi miwili baadaye kukatokea mtihani. Muumini mmoja, Hiram Page, alisema anapokea ufunuo kupitia jiwe, na baadhi ya watu, Cowdery akiwamo, wakaanza kumwamini. Jibu ni sehemu ya 28: ni mtu mmoja tu anayepokea ufunuo kwa ajili ya kanisa zima. Wanaotetea mamlaka ya nabii huinukuu sehemu hiyo mara kwa mara, na wana haki. Lakini ufunuo huo huo unaompa Smith nafasi ya pekee unarudia pia sharti la ridhaa ya wote. Mambo hayo mawili yalizaliwa pamoja, katika ukurasa mmoja, na anayechukua moja akaacha jingine amelichukua kanisa nusu.

Ushahidi kwamba ridhaa ilikuwa na meno unapatikana Nauvoo, Illinois, katika mkutano wa Oktoba 1843. Smith alikuwa amepoteza imani na mshauri wake, Sidney Rigdon, akataka aondolewe katika Urais wa Kwanza. Akaeleza sababu zake mbele ya mkutano. Wengine wakasimama kumtetea Rigdon, jambo likajadiliwa, na mkutano ukapiga kura Rigdon abaki. Huyu ni nabii mwanzilishi, akiwa katika kilele cha nguvu zake, katika mji alioujenga mwenyewe; anaomba jambo na waumini wake wanalikataa. Hakuna aliyefukuzwa kwa kura hiyo, wala waliompinga hawakuacha kumwita nabii. Miezi kumi baadaye Smith alikuwa ameshauawa katika jela ya Carthage, na tarehe 8 Agosti 1844 waumini wa Nauvoo wakakusanyika kuamua nani aongoze: Rigdon yule yule, au Mitume Kumi na Wawili chini ya Brigham Young. Wakainua mikono kwa ajili ya Mitume. Safu yote ya marais mpaka Oaks inapita katika mikono ile, na sijaona namna ya kuieleza historia ya kanisa hilo bila kukiri hivyo.

Baada ya waumini kuhamia Utah mambo yalibadilika polepole. Mkono uliendelea kuinuliwa lakini mjadala ukapungua. Mwaka 1890, Wilford Woodruff alipotoa tangazo la kuacha ndoa za wake wengi kwa kubanwa na sheria za Marekani, tangazo lilipelekwa mbele ya mkutano mkuu tarehe 6 Oktoba likaidhinishwa. Lilikuwa jambo zito kupita kiasi, kwa sababu familia nyingi zilikuwa zimejengwa juu ya desturi hiyo, na viongozi waliona kwamba halingesimama bila ridhaa. Lakini kufikia karne ya 20 kuidhinisha kulikuwa kumegeuka ishara ya uaminifu. Kuinua mkono kulimaanisha kuahidi kumsaidia kiongozi, na kutouinua kulionekana kama kukaribia uasi. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Ridhaa isiyoweza kukataa haiongezi chochote kwenye mamlaka ya nabii; inampokonya kinga ambayo mwanzilishi wa kanisa mwenyewe alikuwa nayo. Na gharama ya kinga hiyo kukosekana walilipa hasa watu wa bara hili.

Mwaka 1836 mtu mweusi, Elijah Abel, alitawazwa katika ukuhani wakati Joseph Smith yu hai. Mwaka 1852 Brigham Young akatangaza hadharani kwamba watu wenye asili ya Afrika hawawezi kuupokea. Mpaka leo hakuna andiko la ufunuo lililoonyeshwa kuwa msingi wa katazo hilo, na maelezo yaliyotolewa baadaye kulitetea, kuhusu laana ya Kaini na mengineyo, kanisa lenyewe liliyakana kwa maandishi mwaka 2013. Katazo lilidumu miaka 126. Ndani ya miaka hiyo Mwafrika hangeweza kuwa shemasi, achilia mbali rais wa tawi, na wala hangeweza kufunga ndoa hekaluni. Oktoba 1977 muumini mmoja mzungu, Byron Marchant, alitumia mkono wake katika mkutano mkuu kuonyesha kwamba anapinga, kwa sababu ya katazo hilo. Siku chache baadaye akatengwa na kanisa. Juni 1978 Rais Spencer W. Kimball akatangaza kwamba amepokea ufunuo wa kuliondoa katazo, na tarehe 30 Septemba mkutano mkuu ukauidhinisha kwa kauli moja. Mkono wa mtu mmoja ulikuwa umesema miezi minane kabla ya tangazo jambo ambalo mikono yote ilikuja kulisema baadaye.

Kuna jibu zito dhidi yangu hapa, na nisingependa kulipita haraka. Mtu anaweza kusema: kama waumini wa Utah wangepigishwa kura mwaka 1960, katazo lingeendelea. Wengi wao walikuwa wazungu wa Marekani wa zama zile, na hakuna sababu ya kudhani kwamba walikuwa mbele ya viongozi wao. Kilicholiondoa katazo ni nabii, kwa ufunuo, na kura pengine ingemchelewesha. Nakubali sehemu kubwa ya jibu hili. Lakini tazama linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba kura ya walio wengi haitoshi kumlinda aliye mbali. Halithibitishi kwamba kimya chao kilimlinda. Wala kauli moja ya Mitume haikumlinda. Utaratibu wa kanisa, uliowekwa katika sehemu ya 107 mwaka 1835, unataka maamuzi ya mabaraza hayo yawe ya kauli moja. Ni utaratibu wenye busara, kwa kuwa unazuia haraka na makundi. Lakini mwaka 1969, kwa mujibu wa wanahistoria wa kanisa hilo, Hugh B. Brown wa Urais wa Kwanza alijaribu kulegeza katazo na jaribio likakwama kwa upinzani wa Harold B. Lee. Panapotakiwa kauli moja, mtu mmoja anatosha kushikilia hali iliyopo, na waliokuwa ndani ya chumba wote walifanana. Aliyekosekana ni yule ambaye jambo lilimhusu. Kwa hiyo swali la maana ni kama anayeguswa na uamuzi ana mahali pa kusemea hapana yake. Kuwauliza tu wengi wanataka nini hakulijibu.

Msomaji wa Bujumbura analijua jambo hili kwa njia chungu kuliko ya vitabuni. Juni 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye kwa karibu asilimia 65 ya kura, uchaguzi uliosifiwa kote Afrika, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo akauawa na wanajeshi. Vita vilivyofuata, ambavyo miongoni mwa mambo mengi vilikatiza kazi changa ya wamisionari wa kanisa hili nchini, vilifunguliwa njia ya kumalizika na mkataba ambao haukutegemea wingi peke yake. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, pamoja na katiba ya 2005 iliyoyafuata, yaligawa viti kati ya Wahutu na Watutsi, sitini kwa arobaini katika Bunge, yakataka sheria zipite kwa theluthi mbili na mabadiliko ya katiba kwa sehemu nne kati ya tano, ili asiwepo anayeamuliwa mambo yake asipokuwapo. Utaratibu huo ulifanya kazi yake tarehe 21 Machi 2014, pale mabadiliko ya katiba yaliyotakiwa na serikali yalipoanguka Bungeni kwa upungufu wa kura moja. Mwaka uliofuata Rais Pierre Nkurunziza, mlokole aliyesema mara nyingi kwamba Mungu ndiye aliyemweka madarakani, aligombea muhula wa tatu licha ya hoja kwamba Arusha ilikuwa imeweka kikomo cha miwili, na mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke ikawaka. Machi 2018 chama chake kikampa cheo cha Imboneza yamaho, kiongozi mkuu wa milele. Siweki utawala huo na kanisa la Salt Lake City katika kapu moja. Kanisa halina polisi, na anayetoka hutoka salama. Lakini mazoea ya watu hayabaki mlangoni mwa kanisa. Waliojifunza kwamba mkono wa kupinga hadharani unaweza kuleta balaa nyumbani hawataunyanyua Jumapili kwa sababu tu wameulizwa kwa upole.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuigeuza ridhaa iwe kura kamili. Jamaa wa karibu wa kanisa hili wamejaribu. Community of Christ, tawi lililoundwa upya mwaka 1860 chini ya mwana wa Joseph Smith, lina nabii pia, lakini maandiko anayoyatoa kama ufunuo huletwa mbele ya wajumbe wa mkutano wa dunia, wakayajadili na kuyapigia kura kabla hayajawa sehemu ya maandiko matakatifu. Mwaka 1984 walipitisha hivyo ufunuo wa kuwapa wanawake ukuhani. Walio wengi walikubali, na maelfu wakaondoka. Mwaka 2025 kanisa hilo likamweka Stassi Cramm kuwa nabii wake wa kwanza mwanamke. Waadventista Wasabato, ambao Burundi ni wengi kuliko Watakatifu wa Siku za Mwisho kwa mbali, wanaheshimu karama ya unabii ya Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao, na papo hapo wanaamua kwa kura za wajumbe. White mwenyewe alilalamika katika miaka ya 1890 kwamba wanaume wachache makao makuu wamejitwalia mamlaka, na kanisa likapangwa upya mwaka 1901 ili uamuzi usogee karibu na waumini. Julai 2015 huko San Antonio, Texas, wajumbe 1,381 dhidi ya 977 walikataa kuziruhusu divisheni zao, yaani kanda kubwa za kanisa, kujiamulia kuhusu kuwatawaza wanawake. Afrika ilikuwa na sauti kubwa ukumbini. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia kura ile. Hawezi kusema Waafrika hawakuwapo.

Na bado kura haikuwaepusha Waadventista wa Burundi na msiba wao wenyewe. Katika muundo wao, eneo ambalo halijajitegemea kikamilifu viongozi wake huwekwa na ngazi ya juu, na Burundi ni eneo la namna hiyo. Mwishoni mwa 2018 divisheni yenye makao Nairobi ilimwondoa rais wa kanisa nchini na kumweka mwingine. Kundi moja likakataa, serikali ikaegemea upande wa aliyeondolewa, na Mei 2019 kiongozi mpya akakamatwa katika uwanja wa ndege wa Bujumbura. Makao makuu yalifuata kanuni zao, hilo sina ubishi nalo. Ninachokiona ni kwamba ugomvi uliokosa chumba cha kuzungumziwa ndani ulitafuta chumba serikalini, na huko haukutatuliwa kwa maombi.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo linalosemwa kwa moyo zaidi na waumini wenyewe: ukweli haupigiwi kura. Kama Mungu amesema, mikono ya watu inaongeza nini? Ni kweli kwamba haiongezi ukweli. Lakini Biblia ambayo Warundi wa madhehebu yote wanaisoma haimwachi nabii peke yake na neno lake. Katika Kutoka 24 watu wanajibu kwa sauti moja kabla agano halijafungwa. Kumbukumbu la Torati 18 inawapa watu kipimo cha kumtambua nabii aliyesema kwa kujitukuza. Paulo anawaagiza Wakorintho kwamba manabii wanene na wengine wapime. Kupima ni kazi waliyopewa wasikilizaji, na haiwezekani kupima kwa mizani iliyoshikiliwa upande mmoja. Burundi yenyewe ina mfano wake. Umushingantahe, mzee wa usuluhishi aliyekabidhiwa fimbo ya intahe, hakuwa mteule wa kura, wala hakujipa cheo. Alitazamwa miaka mingi na majirani, kisha akatawazwa mbele ya kilima kizima, na mwenye dosari ya kueleza alikuwa na nafasi ya kuieleza kabla ya intahe kukabidhiwa. Alipoamua kesi aliamua pamoja na wenzake baada ya kushauriana faraghani mpaka wakaafikiana. Heshima yake ilitoka hapo hapo, kwenye kujua kwamba angeweza kukataliwa.

Turudi kwenye mkono wa Bujumbura na tuufuate unapopinga, maana kanuni za kanisa zinaeleza la kufanya. Kiongozi hamkaripii aliyepinga mbele ya watu. Baada ya mkutano hukutana naye faraghani, amsikilize, apime kama anajua kosa linalomfanya aliyeitwa asistahili. Ni kama Wakatoliki wanavyotangaza ndoa ili anayejua kizuizi akiseme. Kwa jambo la mwenendo utaratibu huu ni mzuri, nadhani mzuri kuliko wa makanisa mengi ya mji huu, ambako mhasibu aliyekula sadaka mtaa mmoja huhamia mtaa wa pili na cheo chake. Lakini umekatwa ili umfae shahidi wa makosa ya mtu. Mwenye pingamizi kuhusu fundisho au sera hapati kitu. Katika mkutano mkuu wa Aprili 2015 watu wachache walipaza sauti kupinga, Dieter F. Uchtdorf, aliyekuwa akiongoza, akasema kura yao imeonekana, akawaelekeza kwa marais wa vigingi vyao, yaani viongozi wa makundi ya matawi na kata za eneo lao. Rais wa kigingi ni mtu wa kazi ya kawaida anayejitolea, mwalimu au mfanyabiashara. Hana mamlaka ya kubadilisha hata mstari mmoja wa sera iliyotoka juu. Waumini pia huombwa wasiwaandikie viongozi wakuu moja kwa moja, na barua zao hurudishwa kwa kiongozi yule yule wa karibu. Sababu inaeleweka: kanisa lina waumini zaidi ya milioni 17, na wazee kumi na watano hawawezi kujibu kila mtu.

Ila barua ndizo zilizoifungua Afrika. Katika miaka ya 1950 na 1960 Wanigeria waliokuwa wameshika vitabu vya kanisa hili bila kumwona mmisionari hata mmoja waliandika Salt Lake City, barua juu ya barua, wakiomba kubatizwa na kufundishwa. Barua hizo zilijadiliwa na Rais David O. McKay na wenzake, zikawasumbua, zikawalazimisha kumtuma mtu wao, LaMar Williams, mwaka 1961, na zikaliweka katazo mezani mwa watu ambao wangependa kulisahau. Walioziandika hawakuwa hata waumini kwa hesabu ya kanisa, hawakuwa na mkono wa kuinua mahali popote. Leo kanisa limepanga eneo zima la Afrika ya Kati lenye makao Nairobi tangu 2020, Mkenya Joseph W. Sitati aliitwa miongoni mwa viongozi wakuu mwaka 2009, na hekalu la Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025, ingawa hakuna Mwafrika aliyewahi kuketi kati ya Mitume Kumi na Wawili. Muumini wa Buyenzi au Kinama ana ubatizo, ana ukuhani, ana mkono unaohesabiwa kila Jumapili, na akiwa na jambo la kuwauliza manabii wake kuhusu uamuzi unaomgusa, njia yake ya kuwafikia ni nyembamba kuliko ya Mnigeria yule wa mwaka 1960 aliyekuwa na karatasi na stempu tu.